Mama Stesheni na Ushindi Uliochelewa

Kuna miji inayojivunia waimbaji wake, na mingine matajiri wake. Mimi mtu wa Tabora najivunia mama mmoja aliyekuwa akitupa habari mbaya. Alitupa kwa miaka mingi, kwanza habari za treni, baadaye za mpira, na hakuna hata siku moja aliyoipaka habari yake asali, ijapokuwa kwetu asali si kitu adimu. Jina lake nalijua, ila halina kazi hapa. Mji mzima ulimwita Mama Stesheni, wajukuu zake pia, na tangu atutoke sijasikia sauti ya spika mahali popote bila kumkumbuka.

Tuliishi jirani, Ng'ambo, nyumba mbili kutoka kibaraza ninachoweka cherehani yangu. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, miwani yake ameifunga kwa kamba ya kiatu. Akitaka kusema jambo la maana alisimama wima na kushika kalamu kifuani, hata kama anazungumza na mbuzi. Nyumbani kwake hakuna kitu kilichotokea bila kutangazwa. "Chai itakuwa tayari baada ya dakika kumi," ungemsikia akisema uani. "Wanaotaka kunawa wanawe sasa." Na baada ya dakika kumi chai ilikuwa mezani.

Kazi yake ilikuwa kutangaza treni. Anayeijua stesheni yetu anajua kwamba hapo ndipo mabehewa yanapoachana, haya yanaelekea Mwanza, yale Kigoma, mengine Mpanda, na abiria aliyelala fofofo anaweza kuamkia mkoa asioutaka. Mama Stesheni hakuamini kwamba mtu anasikia jambo mara moja. Alitangaza, kisha akatoka ofisini akapita dirisha kwa dirisha akiwagongea wenye sura za usingizi. "Wewe baba, unakwenda wapi? Kigoma? Basi umekaa Mwanza. Inuka."

Ila anachokumbukwa nacho zaidi ni habari za ucheleweshaji. Watangazaji wengine, treni ikichelewa, husema inakuja. Inakuja, inakuja, mpaka watu wanaota mizizi kwenye mabenchi. Yeye mvua ikifunika reli alisema imefunika reli. Nakumbuka masika moja nilipokwenda kumsindikiza shangazi yangu. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, stesheni imejaa, na spika ikalia: "Abiria mnatangaziwa. Treni haitafika leo. Haitafika kabla ya kesho saa nne asubuhi. Wenye ndugu mjini nendeni kwa ndugu zenu mkalale. Wasio na ndugu, msikiti uko karibu na kanisa liko karibu. Akina mama wenye watoto wachanga wanisubiri mlangoni, nitaondoka nao. Tunaomba radhi kwa usumbufu." Na kweli aliondoka nao. Wanawake watano na vichanga vyao walilala katika vyumba vyake viwili, na mimi jirani nikaombwa mikeka.

Watu walinung'unika kwanza, kisha wakatulia. Nilimuuliza siku moja haogopi kupigwa mawe kwa maneno kama yale. Akaniambia, "Fundi, mtu akijua atasubiri kiasi gani, anasubiri. Anayempandisha mtu hasira ni yule anayemwambia bado kidogo."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu mimi ni fundi cherehani, na ufundi wetu, Mungu atusamehe, umesimama juu ya bado kidogo. Mteja akija nilimwambia njoo kesho. Kesho ikifika, njoo jioni. Jioni nilikuwa na vifungo tu vya kumalizia, hata kama nguo yenyewe ilikuwa bado gulioni. Mama Stesheni ndiye mteja pekee aliyenitesa. Na hapo utaona kioja chake cha kwanza: aliyewafundisha watu wa mikoa mitatu kusubiri, yeye mwenyewe hakuweza kusubiri hata wali uive. Nikimwambia gauni lake ni Alhamisi, Alhamisi asubuhi amesimama kibarazani.

"Fundi, leo Alhamisi."

"Haijaisha, mama."

"Limechelewa kiasi gani? Sema nijue."

"Bado kidogo tu."

"Kidogo si saa wala siku. Sema Jumanne, nitakwenda zangu na nitarudi Jumanne."

Nilishindwa kusema Jumanne. Ulimi wa fundi hauna kawaida hiyo.

Kioja cha pili kilikuwa maziwa. Kila asubuhi alipitiwa na muuza maziwa mmoja ambaye maziwa yake yalikuwa na maji mengi kuliko kisima. Mtaa wote tulijua, na Mama Stesheni alijua kuliko sisi, kwa sababu aliyanunua miaka na miaka na kuumwagilia mchicha wake. Nikamwuliza, wewe unayewatangazia mamia ya watu habari chungu, mtu mmoja tu mwenye baiskeli humwambii maziwa yake ni maji? Akatazama chini kama msichana. "Nilimwambia kwa siri, mara moja. Akaona haya. Sasa nikimwambia mbele yenu nitakuwa simfundishi, namvua nguo." Kisha akasema lile neno lake ambalo baadaye lilikuja kuniokoa: "Habari ya wote waambiwe wote. Habari ya mtu mmoja aambiwe mwenyewe."

Kule stesheni alisimamia pia stoo ya mizigo iliyosahauliwa, na huko alikuwa mkali. Mzigo ukiokotwa uliandikiwa kadi, ukafungwa kadi hiyo kwa uzi, ukawekwa rafuni, na haukufunguliwa. Mwenyewe akija alitakiwa kutaja kilichomo ndani, kisha aweke sahihi. Sanduku moja lilikaa karibu mwaka, vijana wa stesheni wakitamani kulivunja. Siku moja akashuka bibi kutoka Kigoma, akasema ndani kuna kanga mbili, kijiko cha mbao na picha ya marehemu mume wake. Likafunguliwa mbele yake na ndivyo ilivyokuwa. Mama Stesheni alisimulia habari ya sanduku lile kwa majivuno kuliko alivyosimulia harusi yake. "Mji huu umesimama kwa mabega ya watu waliobeba mizigo ya wengine mpaka pwani na kurudi," alikuwa akisema. "Miezi mitatu njiani, na mzigo wa mtu haufunguliwi. Hiyo ndiyo heshima yetu. Mnatafuta heshima gani nyingine?"

Alipostaafu tulidhani spika zitapumzika. Hatukujua Mwenyekiti anawaza nini.

Mwenyekiti ni mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na ndiye aliyekuwa akiishikilia timu yetu ya mpira isianguke. Msimu huo ilikuwa inaanguka. Mechi saba bila ushindi, tunaburura mkia wa ligi, na kushuka daraja kulikuwa kunatusubiri mlangoni. Watu wenye akili wangetafuta kocha kutoka mbali. Mwenyekiti akaajiri watu wawili wa ofisini. Wa kwanza, kuwa mtafuta wachezaji, alikuwa dalali wa ng'ombe wa mnada wa Choma, huko Igunga. Wa pili, kuwa msemaji wa klabu, alikuwa Mama Stesheni.

Kijiwe chetu cha kahawa siku hiyo kilikuwa karibu kuvunja benchi. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa tawi la mashabiki na mpiga ngoma mkuu, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kupiga kelele kuliko wengine.

"Dalali wa ng'ombe!" nilisema. "Atawafungua wachezaji midomo atazame meno?"

"Bora atazame," akanijibu muuza kahawa, mzee mwenye maneno machache na makali. "Wale mliowashangilia mwaka jana hakuna aliyewatazama hata magoti."

Kijana wa bodaboda akaingilia. "Oya, wazee, wenzetu Dar msemaji wa timu akishuka kwenye gari mji unasimama! Suti nyeupe, miwani nyeusi, anamwaga maneno mpaka mpinzani anaumwa tumbo. Sisi tumeletewa bibi wa abiria mnatangaziwa!"

"Kazi ya msemaji ni kutia watu moto," nikaongezea.

"Moto mnao," muuza kahawa akasema, akinimiminia kikombe. "Mama yule anajua kusema na watu waliokasirika wakarudi nyumbani bila kupigana. Kati yenu nani anajua?"

Tukageukia kashata.

Mpira wenyewe Mama Stesheni hakuujua, na hakuficha. Aliuliza kwa nini mtu mmoja tu anaruhusiwa kudaka. Kuotea alielezwa kwa vikombe, kwa vijiti, kwa watoto waliopangwa uani, na mwisho akasema, "Nimeelewa. Ni mtu aliyepanda treni kabla ya kutangazwa." Tulicheka, lakini sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo.

Mechi yake ya kwanza kazini tulifungwa nyumbani mabao matatu. Tukiwa tumeshika vichwa, spika za uwanja zikakohoa.

"Mashabiki mnatangaziwa. Tumefungwa mabao matatu kwa bila. Mwamuzi hakukosea. Mabao mawili yamepita upande wetu wa kushoto. Beki mpya wa kushoto amepatikana, lakini hawezi kusajiliwa mpaka dirisha dogo lifunguliwe. Kwa hiyo ushindi umechelewa. Hautegemewi kabla ya mechi ya nne kuanzia leo. Watakaoweza kusubiri, karibuni. Wasioweza, hatuwalaumu. Mnapotoka, tangulizeni watoto. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Uwanja ukazomea. Mimi nilitamani ardhi inimeze pamoja na ngoma yangu. Jioni kundi letu la WhatsApp lilijaa sauti za watu waliopandwa na mori. Tumeuzwa, wengine walisema. Mimi nikaandika kwamba mama huyu amewapa maadui siri ya upande wetu wa kushoto, na kesho yake nikamkabili Dalali mbele ya ofisi. Alikuwa mrefu, mpole, fimbo begani.

"Mwangaluka, babu," akanisalimu kwa Kisukuma.

Nikamwambia sikuja kwa salamu, nimekuja kwa siri yetu iliyotangazwa.

"Siri gani? Mpinzani hana macho?" akasema. "Ng'ombe anayechechemea ukimsimamisha nyuma ya wenzake, mguu haujapona. Huo mguu umemficha nani?"

Mtu aliyeshindwa kwa maneno hutafuta hila. Nilipanga mambo mawili. La kwanza, niliitisha mkutano wa tawi wa kumtoa Mama Stesheni, na Mwenyekiti akakubali kwamba wanachama wakisema aondoke, ataondoka. La pili naliungama hapa kwa mara ya kwanza kwa maandishi. Nilikwenda Puge kwa mganga.

Timu zetu hizi, anayezijua anajua. Kuna benchi la ufundi linalokaa uwanjani, na kuna ufundi mwingine ambao hauandikwi. Mganga alinipa mizizi na chumvi ya mawe, akaniambia nifunge katika kitambaa cheusi na kufukia nyuma ya goli. Nikatia pia kikaratasi nilichoandika kwa mkono wangu. Nilichoandika nitakisema mwisho, maana hata sasa naona haya. Nikachagua Ijumaa mchana, wakati wa sala, wakati ambao hata mlinzi wa uwanja yuko msikitini. Kijiweni nilisema nimesali msikiti wa mbali. Mimi, ninayeshona kanzu za nusu ya msikiti wetu.

Na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo fundi cherehani peke yake ndiye anayeweza kulifanya. Kile kitambaa cheusi kilikuwa kipande, kingo zake zinachanika nyuzi. Mkono wangu haukuvumilia. Kabla ya kukifunga nilikipinda ukingo pande zote nne, vizuri, mshono mwembamba, kwa uzi wa kijani uliokuwa mashineni wiki ile. Yaani nilikwenda kufukia uchawi uliopindwa pindo.

Mechi ya pili, nyumbani tena, mvua ilinyesha, na maji yakasimama nyuma ya goli la kaskazini. Mtunza uwanja akazibua mtaro. Dakika tano kabla ya mpira kuanza nikasikia spika.

"Mashabiki mnatangaziwa. Nyuma ya goli la kaskazini limeokotwa furushi moja dogo, jeusi, lililofukiwa kwenye mtaro na kuzuia maji. Halijafunguliwa. Mwenyewe afike stoo ya uwanja alichukue. Atatakiwa kutaja kilichomo na kuweka sahihi. Asanteni."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Watu walianguka juu ya wenzao. Mimi nilicheka kuliko wote, nikapiga ngoma kwa nguvu mpaka filimbi ikalia. Mechi hiyo tulifungwa bao moja.

Mkutano ulifanyika Jumapili, katika banda la mabati nyuma ya mashine ya mpunga. Watu walijaa mpaka nje. Mama Stesheni alikaa mstari wa mbele, kalamu mkononi, na mimi macho yakanigota kwenye gauni lake. Alikuwa amevaa gauni la kijivu nililomshonea mwezi ule ule. Lilikuwa na pindo la uzi wa kijani, kwa sababu siku ile wa kijivu uliniishia nikamwambia hakuna atakayeona.

Kijana wa bodaboda alisimama wa kwanza. "Mama, kabla hatujakupigia kura. Lile furushi la juzi, mwenyewe unamjua?"

"Namjua," alisema.

Banda likachemka. Kila mtu alimtazama mwenzake. "Mtaje! Anatuaibisha! Mtaje!"

Nilijiona nimeshatajwa. Nilijiona nikifunga kibaraza, nikitafuta mji mwingine wenye watu wasionijua. Na lililonitisha zaidi ni kwamba angekuwa na haki: niliyeitisha mkutano wa kumnyang'anya kazi nilikuwa mimi. Neno moja lake, mkutano ungenigeukia mimi na yeye angebaki salama.

Akasimama wima, kalamu kifuani. "Furushi ni la mtu mmoja," alisema. "Habari ya wote nimewaambia wote: mtaro ulikuwa umeziba, sasa umezibuka. Habari ya mtu mmoja ataambiwa mwenyewe, akifika. Kama kwa sababu hiyo mnataka niondoke, nitaondoka leo. Mzigo nitauacha stoo na kadi yake." Kisha akaketi, na alipoketi alilivuta pindo la gauni likafunika magoti, akalinyoosha taratibu kwa kiganja. Hakunitazama.

"Mkuu wa tawi, toa hoja yako," Mwenyekiti akaniita.

Nilikuwa nimeandika kurasa mbili. Nikasimama, nikazikunja. "Nilikuwa na hoja," nilisema, "lakini naona tusubiri mechi ya nne." Watu waliguna, wengine wakanizomea mimi sasa. Muuza kahawa alinitazama kwa muda mrefu, na nadhani siku hiyo na yeye alielewa, lakini ni mtu wa mtaa wetu, akanyamaza. Mikono ilipoinuliwa, waliotaka abaki walizidi kidogo.

Mechi ya tatu tulifungwa ugenini. Ya nne alicheza beki mpya, kijana mwembamba wa Choma ambaye Dalali alimchagua kwa kumtazama akitembea baada ya mpira, si wakati wa mpira. "Mnadani kila ng'ombe amechangamka," alitueleza. "Mtazame anaporudi kutoka majini." Kijana yule aliziba upande wa kushoto kama mtu anayezuia ng'ombe wasiingie shamba la jirani. Lakini mbele tulikosa, ikawa sare bila mabao, na spika ikasema:

"Mashabiki mnatangaziwa. Ushindi uliotegemewa leo haukufika. Imefika sare. Sasa unategemewa Jumamosi ijayo. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

Tulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza msimu ule kutoka uwanjani tunacheka, na hatukuwa tumeshinda. Jumamosi iliyofuata watu walikuja kama wanaokwenda kupokea wageni stesheni. Wengine walitoka Nzega na Igunga kwa mabasi, jamaa mmoja alikuja na begi la safari kichwani, na akina mama wamevaa kama wanakwenda harusini. Nilipiga ngoma mpaka ngozi ikalegea. Dakika za mwisho beki wa Choma alipanda na mpira peke yake, akaupiga chini, ukapita katikati ya miguu ya kipa. Filimbi ya mwisho ilipolia uwanja mzima haukushangilia mara moja. Tuligeuka kwanza kuzitazama spika.

"Mashabiki mnatangaziwa," alisema, na kwa mara ya kwanza tukaisikia sauti ile ikitikisika. "Ushindi umewasili. Mpokeeni."

Sijawahi kusikia kelele kama zile Tabora. Timu haikushuka daraja. Tuliponea mechi ya mwisho, kwa sare ya jasho, na kila mtu mjini alijiona ameibeba begani. Na ndivyo ilivyokuwa kweli, kwa sababu tulikuwa tumeambiwa mzigo una uzito gani na safari ni siku ngapi. Hata leo shabiki wa timu nyingine akinitambia msemaji wake mwenye suti, namwambia: wa kwenu anawaambia mnachotaka, wa kwetu alituambia kilichopo, na sisi tukakaa. Si kila mji una watu wanaoweza kukaa.

Mimi sikwenda kuchukua furushi. Mwaka ukapita, na mwingine, na mingine ikafuata. Mama Stesheni alipita kibarazani kwangu kama kawaida, akauliza gauni limechelewa kiasi gani, na polepole nikajifunza kumjibu. "Jumanne, mama." Wateja wengine nao wakaanza kuambiwa Jumanne. Yeye hakuwahi kuligusia, na kila nilipotaka kusema, ulimi ulinigoma.

Halafu nikasikia amepoteza sauti. Koo lilimvimba, akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani akinong'ona. Mtaa ulihuzunika. Mimi sikulala. Kila nilipofumba macho niliona kile kikaratasi. Siku ya tatu nikanunua halua, nikaenda.

Alikuwa amelala ubavu karibu na dirisha, kitambaa cheupe shingoni, miwani na kamba yake ya kiatu mahali pake. Wajukuu walikuwa wakicheza mlangoni.

"Shikamoo, Mama Stesheni."

"Marahaba, Fundi," akanong'ona. "Umechelewa."

"Kiasi gani, mama?"

"Miaka sita."

Akanionyesha kwa kidole sanduku la bati chini ya kitanda. Nikalivuta. Juu kabisa, limefungwa kadi kwa uzi, lilikuwa furushi langu, alilolihamisha kutoka stoo ya uwanja. Kadi ilisema limeokotwa wapi na lini, na chini yake: Halijafunguliwa. Nikatazama mafundo. Yalikuwa yangu, kama nilivyoyafunga.

"Taja kilichomo."

"Mama, tuliache tu."

"Utaratibu, Fundi."

Nikapiga magoti pale sakafuni. Nikasema mizizi mitatu. Nikasema chumvi ya mawe. Nikasema karatasi. Alisubiri, yeye asiyeweza kusubiri wali uive. "Karatasi ina jina lako," nilisema, na machozi yalikuwa yananitoka. "Niliandika, sauti yake ikauke. Niliandika mimi, mama. Ni mimi niliyekufanya hivi. Nisamehe."

Akapeleka mkono shingoni, akagusa kitambaa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, nikainuka nimshike. Alikuwa anacheka, bila sauti, mpaka miwani ikamshuka.

"Koo hili limekaushwa na treni za miaka arobaini," akanong'ona alipopata pumzi. "Wewe gauni tu hukuwahi kuliwahisha, seuze uchawi."

Akanifanyia ishara nimpe kalamu iliyokuwa dirishani. Akaishika kifuani kwanza, kidogo, kwa mazoea, halafu akanipa mimi nikaweka sahihi kwenye kadi. Akaisoma kwa makini, akaiweka chini ya mto, akanisukumia furushi langu. Nilipofika mlangoni nalo mkononi nikamsikia nyuma yangu, kwa ile sauti iliyobaki, akiniambia nitangulize watoto.